Majina kufanana haiwafanyi watu wawili kuwa mmoja

Hapa Kalemie kuna neno moja linalobeba mizigo kuliko vijana wa bandarini. Ni neno "sawa". Ukikubali jambo, unasema sawa. Ukiuliza hali ya mgonjwa, unauliza kama yuko sawa. Mtoto akichukua sura ya baba yake, watu wa kwetu wanasema "iko sawa baba yake". Bei ya unga isipopanda, "iko sawa ile ya jana". Mbele ya sheria, wote ni sawa. Na siku ya kusoma listi, mwenye kushika karatasi akiona Ngoy wawili, anasema "hawa ni sawasawa", kisha anapiga mstari juu ya mmoja.

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaosoma hapa kwenye simu ya jirani, leo nataka kugombana na huo mstari.

Kazi yangu ni kupokea kominike zinazokuja kwa Kifaransa na kuzisoma kwa Kiswahili kwenye mikro. Nyingine ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza huko zilikotoka, zikapita kwa Kifaransa, ndipo zikafika kwetu. Waingereza wana neno lao, "same", ambalo linaonekana dogo. Lakini lina pande mbili. Mwingereza akisema kwamba yeye na rafiki yake wamevaa shati "same", hajasema kwamba wanalivaa kwa zamu. Mashati ni mawili, yanafanana rangi na mshono. Akisema kwamba yeye na mke wake wanakaa katika nyumba "same", hapo nyumba ni moja. Yeye anajua tofauti kwa sababu anaona shati na anaona nyumba. Sasa tia neno hilo katika karatasi ya kuandikisha watu. "Jina same" maana yake ni watu wawili ambao majina yao yanafanana. "Nyumba same" maana yake ni watu wanaokula chungu kimoja. Mtafsiri mwenye haraka akiandika "jina sawa" na "nyumba sawa", ajenti anayesoma hiyo karatasi chini ya mwembe atafikiri kwamba maneno hayo yanamwagiza kitu kimoja: hawa ni wa kuhesabu mara moja.

Kifaransa hakina huruma zaidi. "Même", "pareil", "semblable", "égal", yote manne tunayamwaga ndani ya sawa yetu kama maji ya ndoo nne katika kopo moja. Halafu tunashangaa kwamba yamemwagika.

Na jambo linaloniudhi ni kwamba Kiswahili hakikukosa maneno. Kitu kikiwa ni chenyewe, bila kingine, tunasema kilekile: mtu yuleyule, nyumba ileile. Vitu viwili vikikaribiana sura, vinafanana, au vinalandana. Vikiwa na kipimo kimoja, vinalingana. Ukitaka kuonyesha kitu kwa kukifananisha na kingine unasema kama, au mfano wa, au mithili ya. Na sawa yenyewe, iliyotoka kwa Kiarabu, kazi yake ya asili ni usawa: kitu kimelala bila kuinama upande, au viwili vina kimo kimoja. Usawa wa ardhi. Usawa wa haki. Neno hilo lilipofika huku bara likapewa kazi ya kufanana pia, na sokoni au nyumbani halidhuru mtu. Sina ugomvi na mama anayesema mtoto wake "iko sawa nkambo yake". Ugomvi wangu ni na karatasi.

Sokoni kwenyewe, tazama jinsi tulivyo wakali. Weka ndakala na lumbu kwenye sinia moja. Ni samaki wadogo wa ziwa letu, wote wanang'aa, wote wanavuliwa usiku kwa taa, na mgeni aliyeshuka jana atakuambia ni kitu kimoja. Mwambie hivyo mama anayeuza ndakala. Atakushika mkono, atakuonyesha ukubwa, atakuonyesha mwili, atakuambia huyu anakauka vizuri na huyu havutii mteja, na hatakubali uondoke kabla hujaelewa. Kwa samaki wa franka chache tuna macho makali hivyo. Kwa mtu aliyetembea siku nne kutoka Nyunzu akiwa na watoto, macho hayo yanapotea wapi?

Turudi kwenye listi, maana hapo ndipo njaa inapoingia.

Anayejua majina ya jimbo letu anajua kwamba yanajirudia. Ilunga, Kasongo, Ngoy, Banza, Mwamba: simama katikati ya soko uite moja, wataitika watu kumi. Mjukuu anapewa jina la nkambo ili jina lisife, na wajukuu wa nkambo mmoja wanaweza kuwa watano katika nyumba tano. Hilo ni heshima, ni desturi, hakuna udanganyifu ndani yake. Tena kuna historia ya serikali. Tangu 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kizungu, tulizoea kubeba jina na jina la nyuma. Baadaye majina ya ubatizo yalirudi, ndiyo maana leo Mkongomani kamili ana majina matatu. Lakini listi nyingi za haraka zinaandika mawili tu, kwa sababu nafasi ni ndogo na jua ni kali. Ukikata jina la tatu, umewatupa watu wengi katika shimo moja. Ngoy Ilunga anakutana na Ngoy Ilunga. Ilunga Ngoy naye anakuja, na mwenye kalamu anasema huyu amegeuza tu majina ili apate mara mbili.

Halafu kuna herufi. Ngoy, Ngoi, Ngoie, Ngoyi: hilo ni jina moja lililoandikwa na watu wanne. Mukalay na Mukalayi, vilevile. Kadi ya uchaguzi, ambayo katika nchi hii ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, inaweza kuandika hivi. Listi ya komite ikaandika vile. Jetoni ikaandika kwa namna ya tatu. Kompyuta haijui nkambo wa mtu. Yenyewe inalinganisha herufi. Kwa hiyo Ngoie mmoja aliyejiandikisha kwenye saiti mbili kwa herufi tofauti anapita kimya, kwa macho ya mashine ni watu wawili. Na wanawake wawili wa kweli, wa vijiji viwili, walioandikwa Ngoy kwa herufi zilezile, wanakatwa wakawa mmoja. Yaani utaratibu unaosemwa kwamba unawakamata wezi unamwachia mwizi na kumpiga asiye na kosa. Kama kuna ajenti anayeweza kunieleza faida ya hapo, mikro yangu iko wazi.

Najua jibu lao, na lina ukweli. Kuna watu wanajiandikisha Katanika asubuhi na Kalunga jioni. Kuna mashefu wa kartie wanaoingiza shemeji zao. Msaada ni mdogo, watu ni wengi, na anayechukua mara mbili anamnyang'anya mwenzake. Sitawatetea hao. Lakini ukitaka kujua kama watu wawili ni mtu yuleyule, kuna maswali mepesi ambayo hata mtoto wa shule angeuliza: mama yako ni nani, ulizaliwa mwaka gani, umetoka kijiji gani na sheferi ipi, kadi yako ina namba gani. Majina yanafanana, namba za kadi hazifanani. Kuuliza maswali hayo kunachukua dakika mbili. Kumrudisha kwenye listi mama aliyekatwa kunachukua miezi, na wakati huo anaambiwa "ngoja awamu inayofuata".

Tuache majina sasa, twende kwenye jina la wote. Redioni, na hapa nasema na wenzangu wa mikro, tunawaita wakimbizi. Wakimbizi wa Nyunzu, wakimbizi wa Fizi, wakimbizi wa maji. Neno lenyewe halina kosa: aliyekimbia ni mkimbizi, lugha inasema hivyo. Lakini katika sheria neno hilo lina mlango wake. Mkataba wa Geneva wa 28 Julai 1951 unamhesabu mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake. Mrundi aliyeko Lusenda, huko Fizi, ni mkimbizi. Mkongomani aliyevuka ziwa akakaa Nyarugusu, upande wa Kigoma, ni mkimbizi, na familia nyingi za Kalemie zina ndugu huko tangu 1996. Mtu wa Nyunzu aliyelala chini ya turubai Kalunga hakuvuka mpaka wowote. Ni raia aliye katika nchi yake. Ni deplase, au tuseme mkimbizi wa ndani, na Waafrika walimwandikia mkataba wake, ule wa Kampala wa 23 Oktoba 2009.

Mtu atasema, we mwandishi, mvua inanyesha juu ya turubai zote, mikataba inamsaidia nini? Inamsaidia hivi. Ukimwita mkimbizi bila kuongeza neno, msikilizaji anaanza kumwona kama mgeni. Mgeni anashukuru na kunyamaza. Raia anauliza. Anauliza serikali ya jimbo lake: usalama wa barabara yetu uko wapi, shamba langu linalimwa na nani, nitapiga kura wapi. Wajibu wa kwanza kwa deplase ni wa dola yake, mashirika yanakuja nyuma kusaidia. Tunapolichanganya neno, tunamwondolea mtu swali lake mdomoni, na tunamwondolea kiongozi jibu analodaiwa. Sishangai kwamba viongozi wengine hawana haraka ya kusahihisha.

Na wadeplase wenyewe hawafanani kama ndakala wa sinia moja. Aliyefukuzwa na maji ya ziwa mwaka 2024 anaiona nyumba yake pale, imezama hadi dirishani. Anachotaka ni kiwanja cha juu. Aliyekimbia bunduki kutoka ndani ya Nyunzu hajui hata kama kijiji chake bado kina mtu. Waliokuja kutoka Kivu Kusini baada ya Bukavu kuanguka Februari 2025 walikuja na hofu ya namna nyingine. Wengi hawako saiti hata kidogo, wamebanana kwa shangazi katika chumba kimoja mjini, na hao ndio wanaosahauliwa kwanza kwa sababu hawana turubai ya kupigwa picha. Hata Umoja wa Mataifa, mnamo 20 Oktoba 2017, ulipoiweka Tanganyika pamoja na Kasai na Kivu Kusini katika daraja la tatu la dharura, ulilinganisha ukubwa wa hatari. Daraja lililingana. Vita havikuwa vilevile, na dawa haikuweza kuwa ileile.

Kuna "sawasawa" nyingine ambayo naogopa hata kuiandika, lakini nikiiruka nitakuwa nimewadanganya. Ni ile inayosema "Batwa bote ni sawasawa". Na ndugu yake anayeishi ng'ambo ya barabara: "Baluba bote njo vile". Tangu 2013 maneno hayo mawili yamezika watu katika jimbo hili. Mwenye mshale wa sumu alikuwa mmoja, waliolipa ni wanawake wa kijiji kizima. Mnamo 30 Aprili 2015, karibu na Nyunzu, wapiganaji wa Kiluba walivamia kambi ya Batwa waliokuwa wamehama makwao. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 30. Vijiji vya Baluba navyo vilichomwa na wapiganaji wa Batwa, na watu wake ndio waliojaza saiti nyingi za pembeni mwa mji huu mwaka 2016 na 2017. Anayelala Katanika kwa sababu kijiji chake kilichomwa, na anayelala porini kwa sababu kambi yake ilivamiwa, wote wawili walihukumiwa kwa neno moja: wewe ni sawa wale. Hakuna aliyewauliza majina.

Nimesikia neno hilo likirudi kwenye simu za vipindi vyetu. Mtu anapiga, anaanza vizuri, anasalimia, halafu anafika hapo: "bale bote". Wenzangu, mkate hiyo simu. Au afadhali msiikate, mwulizeni, nani? Aliyeiba mbuzi wako anaitwa nani? Ukimjua, mtaje kwa polisi. Usipomjua, usimpe jina la kabila.

Sasa ajabu kubwa iko hapa. Watu walewale wanaosema "wote ni sawasawa" wanapokata majina, wanaliacha hilo neno mlangoni linapokuja suala la kulipa. Kibarua cha kulima, kibarua cha kubeba matofali: mwenyeji anapewa bei hii, deplase anapewa pungufu, kazi ni ileile, jembe ni lilelile, jasho ni lilelile. Ukiuliza, unajibiwa "yeye ni deplase tu, hawako sawa". Foleni ya bomba vilevile. Ndoo za wenyeji mbele, za saiti nyuma, hata kama aliyetangulia ni wa saiti. Hapo ndipo sawa ilipotakiwa kufanya kazi yake ya asili, na hapo ndipo tunaifukuza.

Katiba yetu ya 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 12 kwamba Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria na wana haki ya kulindwa nayo kwa usawa. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani katika elimu na kazi za serikali kwa sababu ya kabila, ukoo, hali yake ya maisha au mahali anapokaa. Tazama hilo la mwisho: mahali anapokaa. Turubai ni mahali. Na kwa ndugu zetu Batwa kuna sheria namba 22/030 ya 15 Julai 2022, iliyotungwa kulinda haki zao. Baadhi ya watu mjini wanainung'unikia: kama wote ni sawa, mbona wao wana sheria yao? Swali hilo linatokana na sawa ileile iliyochanganyikiwa. Watu wawili wenye haki zinazolingana, mmoja amenyimwa shule na ardhi kwa miaka mingi, ukimpa mkono ili afike ulipo mwenzake hujamfanya mkubwa. Fundi wa kujenga anaelewa jambo hili bila kwenda shule ya sheria: ardhi ikiwa imeinama, hutii matofali yaleyale pande zote ukitegemea ukuta utakuwa sawa. Upande wa bondeni unaongeza.

Kwa wenzangu wa redio, ombi langu ni jepesi, na halihitaji bajeti. Kominike ikisema "même", tazama kwanza kama ni kilekile au kinachofanana, kisha chagua. Ikisema "égal", hapo sema sawa kwa sauti kubwa. Ikisema "déplacés", usiseme wakimbizi ukaishia hapo. Msikilizaji wa Kalunga anakusikiliza, na anajua hakuvuka mpaka.

Kwa familia: siku ya kuandikishwa, usimpe ajenti majina mawili kwa sababu ana haraka. Mpe yote matatu, yaliyoandikwa kama kwenye kadi yako, herufi kwa herufi. Kama hujui kusoma, mpeleke mtoto wa shule akutazamie. Taja kijiji, sheferi na jina la mama yako. Kama saitini kwenu kuna mtu mwenye jina lako, nendeni pamoja, mkasimame wawili mbele ya meza ili mwenye kalamu awaone kwa macho. Na jina likikatwa, msiondoke na "ngoja awamu inayofuata". Ombeni mwonyeshwe huyo mtu mwingine ambaye mnasemwa kuwa ni yeye.

Kwa komite na mashirika ninadai mambo mawili tu. Kabla ya kupiga mstari juu ya jina, mwenye jina aitwe aulizwe. Na kando ya kila mstari iandikwe sababu yake, tarehe, na jina la aliyeupiga, yote matatu.